Ukurasa wa Magodoro

Jumatatu saa tatu asubuhi, Mizani alipanga simu saba mezani, kuanzia ile mpya ya bei mbaya hadi ile kuukuu yenye ufa kiooni, akaandika anwani ya kiwanda cha magodoro katika zote saba, kisha akabonyeza saa ya kuhesabia sekunde. Ndivyo alivyoanza kila kazi. Jina la Mizani alipewa na wenzake wa ofisini kwa sababu alizipima kurasa za tovuti kama muuza nyama: anatupa ukurasa kwenye mizani, anatazama uzito, anakata mafuta, anapima tena. Alichukua tovuti zilizojengwa kwa ajili ya kompyuta kubwa, akazikata mpaka zitoshee kwenye simu, zifunguke upesi, na zisiwamalizie watu bando. Hakuna aliyemfikia kwa kazi hiyo, na yeye mwenyewe alilijua hilo, ingawa ukimsifia alijifanya hasikii.

Simu mpya iliufungua ukurasa kwa sekunde nne. Ya katikati kwa sekunde saba. Ile yenye ufa ilichukua sekunde kumi na moja, na muda wote huo ilitetemeka, ikawa inatembea taratibu juu ya meza hadi ikagonga kikombe cha chai. Ilipotulia, kioo kilikuwa kimejaa picha ya godoro, na juu ya godoro baba, mama na watoto wawili wamejilaza wakicheka. Kwenye tundu la chaji damu ilikuwa inatoka. Haikuwa nyingi, yapata kijiko cha chai. Mizani aliifuta kwa kitambaa cha kusafishia vioo, akaandika daftarini: sekunde kumi na moja, mtetemo, damu kijiko kimoja.

Rangi, mchoraji wa picha aliyekaa meza ya pili, alimuuliza kama ni simu yake inayoita. Mizani akamjibu kwamba ni ukurasa tu. Rangi akarudi kwenye kazi yake.

Suala la damu lilikuwa limeshatajwa kwenye maelezo ya kazi. Wiki iliyotangulia, afisa masoko wa kiwanda, mwanamke nadhifu aliyetabasamu kila alipofika mwisho wa sentensi, alikuja ofisini na kueleza shida yao. Wateja walilalamika kwamba simu zinalowa mifukoni na kuwaharibia nguo. Hilo kiwanda kingeweza kulivumilia. Kisichovumilika ni kwamba watu walichoka kusubiri na kuondoka kabla hawajaona bei. Alitaka ukurasa ufunguke kwa sekunde tatu, na alitaka hivyo kufikia Ijumaa. Meneja wa ofisi alimwambia asiwe na wasiwasi, hilo ni jambo dogo, maana kwa Meneja kila kazi isiyofanywa na yeye ilikuwa ndogo.

Mizani alianza kuutafuta uzito. Ukurasa ulikuwa na picha tatu na maneno yasiyofika mia mbili, kwa hiyo haukuwa na sababu yoyote ya kuelemea simu namna ile. Alizibana picha. Akatupa mapambo. Akapima tena, sekunde kumi na moja. Baada ya chai ya saa nne aliifungua mistari ya ndani, ile ambayo msomaji wa kawaida haioni, akashuka nayo mmoja baada ya mwingine kwa kidole. Katikati aliikuta sehemu iliyoitwa Wafanyakazi Wetu. Ndani yake kulikuwa na watu kumi na mmoja, nayo ilikuwa imefichwa.

Hili ni kosa la mafundi wavivu, na hakuna fundi ambaye hajawahi kulifanya. Ukiambiwa uondoe kitu kwenye ukurasa wa simu, una njia mbili. Unaweza kukifuta, na hapo itabidi upange upya kila kilichokizunguka, kazi ya kutwa nzima. Au unaweza kuandika neno moja la kukificha, ukaenda zako nyumbani mapema. Mteja hakioni tena, anaridhika, anakushukuru. Lakini kilichofichwa kipo. Kila simu inapoufungua ukurasa, kinasafiri pamoja nao njia nzima na uzito wake wote, kinafika mkononi mwa mtu, na kukaa hapo nyuma ya picha. Miezi kumi na minne iliyopita kiwanda kiliagiza watu kumi na mmoja waondolewe kwenye ukurasa. Fundi wa wakati huo, kijana mwenye haraka ambaye siku hizi ana ofisi yake mwenyewe, aliwaficha.

Ofisini kulikuwa na kidude cha kupunguza kasi ya mtandao, ambacho mafundi hukitumia kujua ukurasa utakavyokuwa kwa mtu anayeishi mahali pa mtandao wa kusuasua. Mizani alikishusha hadi mwisho, akaufungua ukurasa kwenye simu yenye ufa, akaisogeza chini ya taa.

Kioo kilikuwa cheupe. Kisha ndani ya weupe huo kukawa na ghala. Sponji za magodoro zilikuwa zimepangwa hadi darini, za manjano, bado hazijavishwa vitambaa. Watu kumi na mmoja walikuwa wamepiga magoti sakafuni wakitazama nje, kwa mpangilio ule ule wa ukurasani, watatu watatu, na wawili mstari wa mwisho. Nyuma yao walisimama walinzi wanne wa kiwanda wenye mabomba ya chuma. Mlinzi wa kwanza aliinua bomba akalishusha kwenye bega la mwanamke mmoja, mfupa ukavunjika, na simu ikatetemeka juu ya meza. Sauti haikusikika, ililiwa na sponji. Mlinzi wa pili alimpiga mzee mmoja mdomoni. Jino moja lilitoka na kugonga kioo kwa ndani, ule ufa ukaongezeka kidogo. Waliendelea hivyo kwa zamu, bila hasira, kama watu wanaokung'uta mazulia. Aliyekuwa mwisho kulia, mstari wa pili, ni Kitinda, mdogo wake Mizani.

Kitinda alikuwa fundi wa mashine ya kukatia sponji. Siku wafanyakazi walipogoma kwa sababu ya gundi, ambayo moshi wake ulikuwa unawatapisha, aliondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi akiwa na shati safi, akamwambia mama yao atarudi mapema maana hakuna kazi. Hakurudi. Baada ya wiki mbili ilikuja barua ya kiwanda ikisema ameacha kazi kwa hiari yake na kuhama mji. Mama aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya godoro, ambalo nalo lilitoka kiwanda hicho hicho.

Mizani hakupiga kelele. Alikuwa kazini, na pembeni yake Rangi alikuwa anamenya chungwa. Rangi aliinama akachungulia.

"Kumbe bado wamo," alisema. "Mimi nilidhani waliondolewa."

"Walifichwa tu."

"Basi ndiyo maana ukurasa mzito." Akampa vipande viwili vya chungwa, akakaa.

Picha ya godoro ikaja, ikafunika ghala lote. Mizani akaufungua ukurasa tena, na mlinzi wa kwanza akaanza upya, bega lile lile, ambalo lilikuwa limeunga na sasa likavunjika mara ya pili. Akaufunga. Kisha akatazama kumbukumbu za kiwanda. Ukurasa ulifunguliwa mara elfu tisa kwa siku.

Kwa kujaribujaribu aligundua kwamba akiukata mtandao mabomba yakiwa juu, yanabaki juu. Walinzi walisimama vile vile, wakipepesa macho, wakisubiri. Wale kumi na mmoja waliweza kusogea kidogo na kusema. Kitinda ndiye aliyemtambua kwanza.

"Dada," alisema. Mdomo ulikuwa umemvimba, na neno lilitoka nusu. "Umenenepa."

Alikuwa hivyo tangu utoto, hata akiwa taabani lazima akutanie kwanza. Mizani alimuuliza anaumia wapi. Kitinda alimwambia inategemea simu. Simu mpya zinawapiga haraka, kipigo chote kinabanwa kwenye sekunde nne na mtu hapati hata nafasi ya kuvuta pumzi. Simu kuukuu zinawapiga polepole, ila kwa zile angalau wanaona nje, wanaona dari za watu, sura za watu, mara moja moja mbwa.

"Kuna simu moja inafungua kila asubuhi," alisema. "Inafungua, inafunga, inafungua. Mara arobaini hivi. Kioo chake kina unga wa ngano. Mwambie Mama apumzike, Dada."

Mama yao alikuwa anaoka mikate ya kuuza. Jioni ile Mizani alimkuta jikoni anaosha vyombo, akamuuliza kuhusu simu. Mama hakubisha.

"Namwona pale kabla godoro halijaja," alisema. "Sekunde chache tu. Mwaka mzima sasa. Sikukwambia kwa sababu ungesema namaliza bando." Akacheka kidogo, kwa aibu. "Ananipungia mkono, mwanangu. Kila nikifungua, ananipungia."

Mizani angeweza kuliacha lilivyo. Lakini kazi ilikuwa imeshamharibu, hakuweza kujua kitu kimefichwa mahali akakiacha hapo.

"Hapungi, Mama. Anakinga kichwa."

Mama alisuuza sahani aliyokuwa nayo mkononi, akaiweka, akaichukua tena, akaisuuza upya.

"Kila nikifungua?"

"Kila ukifungua."

Mama alijipangusa mikono. Akaichukua simu yake rafuni, akaizima, akaifunga kwenye kanga kuukuu, akaenda kuitia kwenye sanduku la nguo na kulifunga kwa kufuli. Aliporudi aliketi sakafuni akaegemea ukuta, akalia bila sauti, na Mizani aliketi karibu naye. Walikaa hivyo mpaka maji ya vyombo yakapoa. Kisha Mama akajifuta uso kwa aproni, akaongea kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kutoa amri za nyumbani.

"Kesho ukifika kazini, mfute. Mfute kabisa, asibaki hata ukucha. Mimi ndiye niliyemzaa, na mimi ndiye ninayesema. Mwanangu hapigwi ili mimi nione sura yake."

Jumanne Mizani alipita kwanza kituo cha polisi. Askari wa zamu alimsikiliza, akaufungua ukurasa kwenye simu yake mwenyewe, ambayo ilikuwa mpya, na godoro likaja upesi. Askari akauliza kama wanayo ya futi tano kwa sita. Mizani akampa ile simu yenye ufa. Askari alitazama hadi mwisho, akafuta kidole gumba kwenye kalenda iliyokuwa mezani, akasema yule mlinzi wa pili anamfahamu, walikuwa wote mafunzoni, na siku zile alikuwa mvivu sana. Alionekana kufurahi kwamba mwenzake amebadilika. Kisha akauliza ukurasa ni wa nani. Mizani akamwambia ni wa kiwanda. Kama ni wa kiwanda, askari alisema, basi kilichomo ndani ni mali ya kiwanda, aende akaongee nao vizuri. Hakuandika chochote.

Alipofika ofisini aliukata mtandao mabomba yakiwa juu, akawaeleza wale kumi na mmoja alichosema Mama. Waliongea wenyewe kwa wenyewe kwa muda, wakiwa wamepiga magoti. Mwanamke mwenye bega lililovunjika, aliyekuwa msimamizi wa vyerehani, alisema kufutwa ndiko kiwanda kilikokutaka tangu mwanzo, na asingependa kumalizia kazi ya mtu aliyemchukia. Mzee asiye na meno alisema yeye alikufa asubuhi ile ile ya mgomo na hilo halimsumbui tena. Kinachomsumbua ni barua waliyopewa watoto wake, kwamba baba yao aliacha kazi akahama mji. Wengine waliitikia, maana barua ilikuwa moja, wamebadilisha majina tu.

"Usitufute," alisema Kitinda. "Tuonyeshe."

"Mama amesema."

"Mama anasema kwa kunihurumia. Hata mimi najihurumia, Dada, si mjinga. Lakini mwaka mzima tunapigwa nyuma ya picha ya watu wanaocheka. Iondoe hiyo picha. Watu wakiona, wataacha."

Mizani alimwamini. Mtu wa kazi nyingine pengine angesita, lakini kazi yake yeye ilisimama juu ya imani hiyo tu. Miaka tisa alikuwa anawaambia wateja kwamba kitu kikiwekwa juu, kikawa kikubwa, kikawa wazi, kikafunguka upesi, mtu atakitazama na atafanya anachotakiwa kufanya. Alikuwa na michoro ya kuthibitisha. Hakumwambia Mama kwamba amembishia. Alipoulizwa nyumbani kama tayari, alisema kazi inaendelea, na huo haukuwa uongo.

Kuanzia Jumanne mchana hadi Alhamisi jioni alifanya kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Alitupa picha ya familia. Alilifuta lile neno moja la kuficha. Wale kumi na mmoja sasa walikuja kwanza kabisa, wakajaza kioo kutoka pembe hadi pembe, na chini ya kila mmoja aliandika jina lake, umri, kazi yake na siku aliyoingia kiwandani, kwa herufi zinazosomeka hata juani. Magodoro aliyasukuma mwisho kabisa wa ukurasa, ambako watu wachache hufika. Pale chini ya kioo ambapo kidole gumba hulala chenyewe mtu anaposhika simu kwa mkono mmoja, aliweka kitufe kikubwa chekundu kilichoandikwa SIMAMISHA. Ukikigusa, malalamiko yako yanakwenda ofisi ya kazi ya serikali na nakala kiwandani. Alikijaribu kwa vidole vya watu wote ofisini, hata vya Meneja, ambavyo ni vinene. Mara zote hizo ghala lilifunguka na mabomba yalishuka, na yeye aliandika sekunde daftarini huku machozi yakimtoka. Mwishowe ukurasa ulifunguka kwa sekunde moja na nusu. Damu nayo iliacha kutoka kwenye matundu ya chaji, kwa kuwa sasa ilikuwa inatiririka kwenye kioo wazi, kwa ndani, bila kumchafua mtu.

Meneja alisema ni kazi nzuri sana, hasa hilo la damu. Ijumaa saa nne asubuhi aliuruhusu ukurasa utoke.

Saa sita mchana ulikuwa umefunguliwa mara elfu arobaini. Mizani alifurahi, alimgeukia Rangi akamwonyesha namba. Watu walikuwa wanatumiana. Simu zilitetemeka kwenye foleni za benki, kwenye vitanda vya wagonjwa, kwenye madawati, kwenye kaunta za maduka ya dawa. Watu walisimama njiani wakatazama hadi mwisho, na waliochelewa kuona mwanzo waliomba warudishiwe, na kwa kuwa ukurasa haurudi nyuma ilibidi ufunguliwe upya. Wake waliwafungulia waume zao. Walimu waliufungua darasani kama somo. Wengi walisikitika, na waliandika kwamba wamesikitika. Wengine walibishana kuhusu mlinzi yupi ana nguvu zaidi, wakaufungua tena ili kukata ubishi.

Saa tisa ulikuwa umefunguliwa mara laki tatu. Kitufe chekundu kilikuwa kimeguswa na watu mia nne na sita. Malalamiko yao yalifika ofisi ya kazi, ambako sanduku la barua pepe lilikuwa limejaa tangu miaka miwili nyuma, yakarudi. Nakala zilifika kiwandani, ambako mashine iliwajibu wote mia nne na sita kwamba maoni yao ni muhimu sana. Watu wengine waliobaki walitazama hadi bomba la mwisho, kisha kidole gumba kikateleza kikashuka, kikakipita kitufe, kikafika kwenye magodoro.

Mizani aliichukua simu yenye ufa akaufungua ukurasa mwenyewe, kwa mtandao wa kusuasua. Walinzi walikuwa sita, kiwanda kilikuwa kimeongeza wawili kwa kuwa kazi ilizidi, na waliokuwepo walikuwa wamevua mashati kwa joto. Mabega hayakuwa yanaunga tena kati ya kipigo na kipigo. Mwanamke wa vyerehani alikuwa amelala kifudifudi, na walimpiga hivyo hivyo. Sponji zilizokuwa za manjano zilikuwa nyekundu hadi juu, na zilidondoka. Kitinda alikuwa bado amepiga magoti mahali pake, lakini uso hakuwa nao tena, na Mizani alimtambua kwa sikio la kushoto. Akaukata mtandao. Mabomba yakabaki juu. Kitinda alielekeza kichwa upande wa dada yake na kitu kikasogea pale palipokuwa na mdomo. Mizani alisogeza sikio hadi likagusa kioo. Hakuna kilichotoka.

Aliufungua mstari wa wale kumi na mmoja ili aufute, wote, hadi ukucha. Neno la siri likakataliwa. Aliliandika mara tatu, likakataliwa mara tatu. Alipokuwa anaandika mara ya nne simu ya mezani ikalia. Alikuwa afisa masoko. Alisema magodoro yamekwisha ghalani, jambo ambalo halijatokea tangu kiwanda kianze, na wanasubiri sponji zikauke ndipo washone mengine. Kwa ajili ya usalama, kuanzia sasa ukurasa utatunzwa na kiwanda chenyewe. Alikuwa na ombi dogo tu. Wateja wanasema picha ni nzuri lakini haina sauti, sasa je, sauti inaweza kuwekwa?

"Naomba mnipe neno la siri," alisema Mizani. "Dakika moja tu. Yule wa mstari wa pili ni mdogo wangu."

"Ndiyo, tumeona majina yenu ya ukoo yanafanana," alisema afisa masoko, na tabasamu lilisikika kwenye simu. "Wateja wanampenda sana."

Mizani alikataa kazi ya sauti. Rangi aliifanya, kwa saa moja na nusu, na alifanya vizuri. Meneja hakukasirika. Alimpa Mizani likizo ya wiki mbili na kumwambia kiwanda kimeleta zawadi yake, iko pale mapokezi. Lilikuwa godoro, la futi tano kwa sita. Aliliacha hapo akaenda nyumbani kwa miguu, akiwa amezima simu zake zote, na njia nzima alisikia kutoka mikononi mwa watu sauti ya chuma ikigonga mfupa.

Aliwaza namna ya kumwambia Mama, lakini Mama alikuwa ameshaambiwa. Majirani walikuwa wamekuja kumpa pole tangu mchana. Walikuwa watu wema, waliingia mmoja mmoja, wakamshika mkono, na kila mmoja alimfungulia ukurasa ili amwonyeshe ni nani hasa anayempa pole. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha mlangoni. Hakumgombeza binti yake. Alimuuliza tu leo ni mara ngapi.

Mizani akamwambia.

Mama alivaa viatu vyake vya kutokea, akajitanda kanga, akatoka. Alianza na jirani wa ukuta kwa ukuta, akaenda kwa fundi viatu, kisha kwa wauza vocha, kisha akaingia barabara kubwa akawa anamsimamisha kila mwenye simu mkononi. Maneno yake yalikuwa yale yale na kwa adabu ile ile: samahani, kuna ukurasa wa magodoro, nakuomba usiufungue, yule kijana ni wangu. Watu walimheshimu. Waliinamisha vichwa, wakaziweka simu mifukoni, wakampisha apite, na akishapita hatua kumi Mizani, aliyemfuata nyuma amebeba chupa ya maji, aliziona zikitoka tena. Kesho yake walikwenda tena, na kesho kutwa. Mama alipunguza maneno ili awafikie watu wengi zaidi.

Siku ya nne, kwenye saa kumi jioni, walimkuta binti mmoja ameketi kwenye benchi nje ya duka la dawa, na mfuko wa shule magotini. Alisimama kumpa Mama nafasi, akamwamkia shikamoo, na Mama akaitikia, akaketi, maana miguu ilikuwa imevimba.

"Nakuomba kitu kimoja tu, mwanangu," alisema. "Kuna ukurasa wa kiwanda cha magodoro. Usiufungue."

Binti alikuwa hajausikia. Alikuwa kwenye mitihani wiki nzima, simu yake ilikuwa kwa mama yake. Alimtazama yule mama mtu mzima usoni, akamwona alivyochoka, akaona huruma ya kweli, na alitaka kumtii.

"Ukurasa upi huo, mama?"

Mama akamtajia. Binti alitoa simu akauandika taratibu, herufi kwa herufi, asije akakosea, ili aujue ni upi wa kuepuka, na ukafunguka kabla hajainua kidole.